Soketi ya Kisimani kwa Bi Mejumaa

Ukimuuliza Fundi Mzamil wa Kibokoni ni kitu gani kilichomchosha katika miaka thelathini na nane ya kazi ya umeme, hatakutajia magoti, ingawa magoti yenyewe yamekwisha. Hatakutajia ngazi za nyumba za Mji wa Kale, zilizosimama wima utadhani waliozijenga walikuwa paka. Atakwambia ni kusema. Kusema na watu kila siku, nyumba baada ya nyumba, juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa kiganja, na watu wenyewe wakutazame kana kwamba unawauzia dawa ya kuotesha nywele.

Kitu chenyewe ni soketi. Si hizi za kawaida. Ni zile za kinga, zenye kijitufe mbele, ambazo hukata umeme zenyewe mara tu zikiuhisi unapotea njia. Zamani hata yeye alikuwa akizicheka. Mhindi aliyemfunza kazi pale Makadara hakuwa nazo dukani, na mambo yalikwenda. Lakini nyumba zikazeeka, kuta za mawe zikazidi kunywa chumvi, nyaya zikaoza ndani kwa ndani, na kila chumba kikaongezwa friji, mashine ya kufulia, birika la umeme, juu ya nyaya zile zile zilizowekwa kwa ajili ya taa mbili na redio. Waya wa kwenda ardhini hakuna. Mzamil akaanza kuogopa, na tangu aanze kuogopa hajanyamaza.

Ana namna yake ya kuieleza soketi hiyo. Husema, chukulia maalim wa chuo cha Kurani anayewatoa watoto kwenda kunywa maji. Anawahesabu wakitoka, anawahesabu wakirudi. Akikosekana mmoja hangoji kuuliza habari, anafunga mlango pale pale. Basi umeme nao hutoka kwa waya mmoja ukarudi kwa mwingine. Ukirudi pungufu, kuna mahali unapopotelea, na pengine mahali penyewe ni mwili wa mtu aliyesimama peku kwenye sakafu iliyolowa. Soketi inakata kabla mtu huyo hajawahi kusema "mama!"

Watu humsikiliza, hutikisa vichwa, humtilia kahawa kikombe cha pili. Kisha humuuliza, "Na hii ya kawaida, Fundi, kwani haiwaki?"

Haya, sasa mwambie mtu huyo nini? Katika nyumba arubaini anazozihudumia, zilizokubali soketi za kinga ni sita. Na katika hizo sita, ile iliyommaliza nguvu ni ya Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa ni mjane wa marehemu Khubaib, aliyekuwa na duka la vitambaa. Nyumba yao ina kisima uani, kama nyumba nyingi za pale. Maji ya mjini yalipoanza kuja siku moja kwa wiki, na wiki nyingine yasije kabisa, marehemu alitia pampu ya umeme, akazibisha mdomo wa kisima kwa zege, akapitisha bomba moja la uani na jingine la ujiani, nje, ili kila mwenye dumu aje ajaze. Alipokuwa kitandani anakata roho alimwambia mkewe maneno machache tu: maji ya watu yasikatike. Hiyo ndiyo sadaka aliyojiwekea mbele ya Mola wake. Na mwanamke yule ameishika ahadi ile miaka kumi na mmoja, kwa jua na mvua, hajamrudisha mtu na dumu tupu. Ukweli lazima usemwe.

Wiki tatu kabla ya mambo haya, Mzamil alikwenda pale kubadilisha swichi ya feni. Akamkuta Kadzo, mwanamke anayemsaidia Bi Mejumaa kazi za nyumba mwaka wa tisa huu, anafungua bomba la uani kwa kulizungushia kitambaa kikavu.

"Mbona wewe walishika kwa kitambaa, Kadzo? Lina moto?"

"Hili bomba linauma, Fundi."

"Linauma! Tangu lini?"

"Ah, zamani. Tangu mvua za mwaka juzi."

Bi Mejumaa akacheka kutoka jikoni. "Halimuumi mtu hilo. Latekenya tu. Pampu ikiwaka latekenya, pampu ikizimwa laacha. Sote tumelizoea."

Mzamil aliweka bisibisi chini. Alitoa kipimo chake, akapima, akapima tena. Umeme ulikuwa unavuja kutoka kwenye pampu, unapita kwenye bomba la chuma, na nyumba nzima miaka miwili inaishi nao kama inavyoishi na mjusi darini. Siku ile ile alitia soketi ya kinga pale pampu inapochomekwa, bila kungoja kuulizwa. Akamwambia Bi Mejumaa kwamba pampu ni mgonjwa, nyaya za ndani zimeliwa na chumvi, itabidi ipelekwe Makadara kwa Joab, fundi wa mota, isukwe nyaya upya.

"Inshallah," alisema Bi Mejumaa. Na hiyo inshallah yake ilikuwa ya kumtoa mgeni mlangoni.

Basi ndipo zikaanza simu. Mwanzo soketi ilikata mara moja kwa siku mbili. Halafu mara moja kwa siku. Wiki ya tatu ikawa pampu haijamaliza hata kuunguruma, tak! imekatwa.

"Fundi, huyu mdudu wako amekata tena."

"Si mdudu, Bi Mejumaa. Afanya kazi yake."

"Kazi gani ya kuninyima maji? Watu wamejaa ujiani."

Naye Mzamil huchukua mkoba wake, ambao zamani ulikuwa wa shule wa bintiye, akajikokota. Hubonyeza, huomba Mungu, pampu hupata robo saa, kisha hukata. Mara nyingine aliitwa mara tatu kwa siku moja. Mkewe, Fadhiya, alimwambia, "Mzamil, hii si kazi tena, hii ni adhabu. Kaa kitako upumzike." Akae kitako wapi? Kichwani anaisikia tak! hata akiwa anakula.

Alhamisi asubuhi simu ililia kabla hajamaliza chai. Hii haikuwa simu ya kawaida. Kesho yake, Ijumaa baada ya alasiri, ilikuwa hitima ya mwaka ya marehemu Khubaib. Alipofika alikuta masufuria yameazimwa nyumba tatu, magunia ya mchele yameegeshwa ukutani, na Bi Mejumaa amesimama uani, mtandio begani, uso umemsawijika.

"Sabalkheri, Bi Mejumaa."

"Sabalkheri, Fundi. Tizama mwenyewe. Tone hakuna."

Mzamil alichuchumaa mbele ya soketi, magoti yakilia kama bawaba. Akabonyeza. Pampu ikaguna, tak! Akabonyeza tena. Tak! Alijua. Pampu ilikuwa imefika mwisho wake.

"Mpaka iende kwa Joab," alisema. "Nimempigia, asema siku nne."

"Siku nne! Na hitima ni kesho?"

"N'nakutafutia ya kuazima."

Na kweli alitafuta. Alizunguka Kibokoni yote hadi Makadara, jua likimpiga utosini. Pampu ya msikiti haiazimiki, maana watu wanatawadhia. Ya jirani wa pili mdomo wake haukuingia kwenye bomba. Alirudi saa nane mchana, shati limemganda mgongoni, akamwambia Bi Mejumaa neno alilojua halitapendeza.

"Tuite wenye mikokoteni. Watuletee madumu, siku ya leo na kesho. Mimi mwenyewe ntakwenda kuwaita."

Bi Mejumaa aliurudisha mtandio begani. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Hitima ya Khubaib," alisema polepole. "Mwenye kisima. Watu waje wamsomee, watawadhe kwa maji ya mkokoteni. Pilau yake ipikwe kwa maji ya mkokoteni. Na walio ujiani niwaambie nini? Kwamba mume wangu mwaka huu amenyimwa sadaka yake kwa ajili ya soketi?"

"Bi Mejumaa, bomba hilo—"

"Nisikize. Wakati huna jina, hakuna mtu aliyekubali kukupa nyumba yake uitie nyaya, ni nani aliyekupa? Nyumba hii hii, juu mpaka chini. Nilimwambia Khubaib, kijana huyu atatuchoma. Akaniambia, mwache, atajifunza kwetu. Sasa leo nakuomba siku moja tu, Mzamil. Moja. Itoe kinga yako mpaka Jumamosi. Jumamosi chukua pampu, mpelekee Joab, mpelekee umtakaye."

Kama angetukanwa, Mzamil angejibu. Kama angetishiwa kwamba ataitwa fundi mwingine, angesema karibuni. Lakini alikuwa amesimama tangu asubuhi, sukari imemshuka, na mbele yake mwanamke mzima ana machozi machoni. Alijiambia, miaka miwili wamelishika bomba hili na hawakufa. Siku moja ni nini? Ndivyo alivyojiambia, na alijua kwamba anajidanganya, na akaendelea kujidanganya kwa sababu alikuwa amechoka kusema.

Alifungua soketi kwa bisibisi. Akaunganisha waya kwa waya, akaipita kinga kando, akafunga tepu nyeusi. Kazi ya dakika tano. Pampu ikavuma, maji yakaruka bombani, na ujiani watu wakashangilia.

Kadzo alikuwa ameinama pale anakinga ndoo. "Sasa haitakata tena, Fundi?"

"Haitakata."

"Afadhali."

"Uvae champali, Kadzo. Zile za mpira. Na kitambaa usikiache."

"Haya, Fundi," alisema Kadzo, akatwika ndoo akaenda zake. Mzamil naye akaenda zake.

Ijumaa alikwenda na wenziwe hitimani. Wanaume walikaa chumba cha mbele na barazani nje, chini ya turubai, wanawake wako uani na jikoni, na baina yao pazia. Jamaa mmoja wa nyumba akagawa juzuu za Kurani, kila mtu na yake, thelathini zikatimia. Mzamil akapewa ya ishirini na mbili. Akavaa miwani, akafungua, akaanza.

Lakini sikio lilikuwa nyuma ya pazia. Pampu iliwaka, na ilipowaka feni ya darini ilipungua mwendo, ikanywea, kisha ikajizoazoa. Jana haikuwa hivyo. Ikazimwa. Akasoma aya moja. Ikawaka tena, na feni ikanywea zaidi, na mvumo wa pampu ulikuwa mzito, kama mtu anayekohoa kifua kibovu. Mzamil akairudia aya ile. Akairudia mara ya tatu. Alikuwa anaona herufi tu.

Hapo akaingia Athmani, jamaa wa marehemu, ametoka kutawadha kwenye bomba la ujiani. Alikuja kukaa karibu na Mzamil huku anakung'uta mkono na kucheka chini kwa chini.

"Fundi, bomba lenu hilo lina wazimu. Limenitekenya mpaka begani."

"Mpaka wapi?"

"Hapa, begani. Si nakwambia."

Siku zote lilikuwa la vidoleni. Miaka miwili lilikuwa la vidoleni. Mzamil alifunga juzuu, akaibusu, akaiweka juu ya kibao cha marufaa, akasimama. Watu wakamtazama. Huinuki hitimani na juzuu yako haijakwisha. Inabaki pengo, na pengo lile ni la marehemu. Mzee mmoja alimwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, kuna nini? Maliza kwanza."

Mzamil alishika njia ya ukumbini kwa yale magoti yake, na alipofika kwenye pazia alipiga hodi mara moja tu, kisha akalifunua. Lo! Uani kulizuka ukelele. Wanawake waliokuwa wamejifunua vichwa kwa joto la moto walikimbilia mitandio, mmoja akaangusha upawa, mwingine akamwambia hana adabu. Mwanamume hapiti pale siku kama ile, hata awe nani. Mzamil aliinamisha macho, akapita katikati yao akisema "niwieni radhi, niwieni radhi", akalifikia sanduku la fyuzi ukutani, akaishusha swichi kubwa.

Kila kitu kikanyamaza. Feni zikasimama. Kipaza sauti cha chumba cha mbele kikakatika katikati ya neno. Pampu ikashusha pumzi, na maji yakapungua bombani, yakawa uzi, yakawa matone.

"Mzamil!" Bi Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Sasa sauti aliipandisha. "Umeingiwa na nini? Mchele ndio kwanza unataka maji! Wajomba wa Khubaib wako mbele! Umekuja kuniaibisha katika nyumba ya mume wangu? Nimekukosea nini mimi?"

Mzamil hakumtazama. Alikuwa anamtafuta Kadzo, na alimwona pale pale alipotarajia kumwona, penye bomba, peku, maji yamemfika vifundoni kwa sababu mfereji wa uani ulikuwa umezibwa na maganda. Kitambaa hakipo, kilikuwa kimelowa tangu mapema, na kwa ile haraka akakitupa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekamata bomba. Umeme umeshazimwa, naye bado amelikamata.

"Kadzo, liachie."

Kadzo aliutazama mkono wake kama anayetazama wa mtu mwingine. Akaleta mkono wa kushoto, akavibandua vile vidole kimoja kimoja.

"Una nini mkono?" aliuliza Mzamil.

"Umekufa ganzi, Fundi. Asubuhi ulikuwa unauma vidole. Adhuhuri ukapanda kiwiko. Sasa hivi nilikuwa nataka kuutoa, ukawa hautoki." Alimeza mate. "Nikasema, leo ni shughuli ya mzee. Nikilalamika wataona nakwepa kazi."

Kuni zilikuwa zinapasuka chini ya masufuria. Kadzo aliwatazama wote, akamtazama Bi Mejumaa na ule mwiko, na uso wake ukaingia hofu.

"Nisamehe, Bi mkubwa. Ni mimi nimeuzima umeme? Labda nimelishika vibaya."



"Si wewe," alisema Mzamil. Alitamani ardhi impokee. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, amesimama kwenye maji mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na machozi yalikuwa yanamtoka wala hakujali kuyafuta. "Ni mimi, Kadzo. Ile soketi ilikuwa inakata kwa ajili yako. Umeme ulikuwa unataka kukupitia wewe, nayo inauzuia. Jana nimeipita kando kwa mikono yangu hii, na nilikuwa najua."

Kadzo aliyachukua maneno yale taratibu. Akaitazama soketi pale ukutani, na tepu nyeusi iliyochungulia pembeni mwake. Jana aliinama pale na ndoo yake akayaona yote yakifanywa. Alipomgeukia Mzamil hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma.

"Nilikuuliza, Fundi," alisema. "Si nilikuuliza? Mbona hukuniambia?"

Bi Mejumaa aliuweka mwiko chini. Akaja mpaka ndani ya maji na buibui lake, akamshika Kadzo ule mkono uliokufa ganzi, akaanza kuusugua kwa viganja vyake viwili, kuanzia vidoleni kupanda juu. Huko mbele wanaume walikuwa wameanza kuita kuuliza kuna nini. Mzamil aliwapisha wanawake wale wawili, akaiendea soketi, akaanza kuibandua ile tepu nyeusi.